Hotipoti Iliyorudi Tupu kutoka Uthiru

Nyokabi,

Sitakuuliza hali yako. Nimekuona asubuhi ukimaliza mayai mawili na nusu ya mkate wa baba yako. Sasa uko Ngara unasukwa, na kwa jinsi ulivyochagua misuko myembamba, hutarudi kabla ya jioni. Nina meza ya jikoni, nina chai, nina kalamu ya ofisini. Baba yako amekwenda kujaza upepo magurudumu ya gari, kazi ambayo mwanamume mwingine angeimaliza kabla chai yangu haijapoa.

Habari za koti, za kupiga simu kila Jumapili na za kuwaogopa wanaume wa huko Uholanzi unakokwenda kesho umeshazisikia kutoka kwa kila mwanamke wa kanisa letu, pamoja na wale ambao hawajawahi kufika mbali kuliko Naivasha. Sizirudii. Unajua mimi ni mtu wa utaratibu. Hata shajara yangu huandika tarehe kwanza, halafu hali ya hewa, halafu mambo. Leo nina jambo moja tu.

Jumapili jioni, wageni wa sherehe yako ya kuagwa walipokwisha kuondoka, uliniomba shangazi yako Wambui aje nasi uwanja wa ndege. Nikakujibu, "Aje na gari lake." Hana gari. Wewe unajua hana gari, mimi najua hana gari, na hata paka wa jirani anajua. Uliendelea kukausha vikombe, nami nikajiona nimeshinda. Hebu fikiria. Mwanamke mzima, karani wa miaka yote hii, anafurahia kumshinda mtoto ambaye siku chache baadaye atakuwa juu ya mawingu.

Nitakueleza kwa nini nilikujibu hivyo, lakini itanibidi nianze na Bwana Kamotho. Samahani kwa hilo. Sipendi kuanza na Bwana Kamotho katika jambo lolote.

Hakuna aliyemwomba ahutubie. Tulikuwa tunagawa soda. Akasimama, akashika kiuno kama mtu anayekagua moja ya zile gorofa zake mbili za kupangisha, akaanza.

"Huyu msichana wetu wa Kabiria ameitwa Uholanzi kufanya hesabu," alisema. "Na si hesabu ya mchezo! Anaenda kupimia Wazungu vile watu wa Asia wamewamaliza. Simu ni ya Asia. Viatu ni ya Asia. Hata hiyo taa ni ya Asia. Meli zinafika Ulaya zimejaa mpaka zinataka kuzama, halafu zinarudi kwao na makontena tupu. Tupu! Sasa niwaulize, mtu akikuletea kikapu kimejaa, wewe unamrudishia kikapu tupu? Hiyo ni tabia gani?"

Watu wakapiga makofi. Wewe ukainua mkono kama mtoto wa shule.

"Mzee, kwa huo mfano wako, mwenye kikapu ni Mwasia. Anayerudisha tupu ni Mzungu."

"Ni kitu moja," akasema.

"Si moja, mzee. Umewageuza."

"Wacha unyenyekevu, msichana. Kikapu kisirudi tupu! Hiyo ndiyo nasema."

Makofi tena. Huyo ndiye mtu ambaye huwauzia wapangaji wake maji ya kisima chake mwaka mzima, na sijasikia hata siku moja mpangaji akimwuzia yeye chochote, wala sijamsikia akilia kwamba hesabu kati yake na mpangaji haijalingana. Suti aliyovaa imeshonwa Asia. Miwani pia. Ningeweza kuongeza meno mawili ya mbele, lakini hayo sina uhakika. Mtu wa namna hiyo hahitaji kujua kitu; anahitaji tu watu waliokwisha kula.

Na mimi nilipiga makofi. Hilo ndilo linalonichoma. Sikupiga kwa hotuba yote. Nilipiga aliposema kikapu kisirudi tupu, nikapiga kwa nguvu, na wewe ukaniangalia kutoka upande ule wa meza ya keki.

Halafu wale akina mama wa kanisa wakauliza kichwa hicho cha hesabu umekitoa wapi, nami nikasema mbele ya wote, "Ametoa kwangu." Uliniangalia tena. Wewe hujawahi kuniaibisha mbele ya watu. Ulisubiri tufike kwenye sinki.

Kazi yako niliielewa pale kwenye sinki. Sikuwa nimeielewa kabla, ingawa nilikuwa nimeieleza kwa nusu ya Kabiria. Nilikuwa nikisema unakwenda kupima pengo la biashara kati ya Ulaya na Asia, kwa sauti ya mtu anayejua pengo ni kitu gani. Ulinieleza huku mikono yako imejaa povu. Ulisema vitabu vya Asia na vitabu vya Ulaya kamwe havilingani. Wa Asia anaandika thamani ya mzigo ukiwa bado kwake. Wa Ulaya anaandika thamani ya mzigo ukifika kwake, na hapo ameshaongeza nauli ya meli na bima. Na mwaka unapofungwa kuna meli ziko katikati ya bahari. Huyu ameshaandika kwamba ameuza, yule bado hajaandika kwamba amenunua.

"Kwa hivyo mwongo ni nani?" nikakuuliza.

"Hakuna."

"Basi hao watu wanakulipa ya nini?"

"Kueleza kwa nini hakuna, Mathe."

Nilicheka mpaka nikaangusha kijiko. Ukaniambia pia mzigo wa Mjerumani ukishukia bandari ya Uholanzi, mara nyingi unaandikwa kama Mholanzi ndiye aliyenunua, mpaka nchi hiyo ndogo inaonekana inaimeza Asia nzima peke yake. Ni kama kuhesabu chakula chote cha kanisa kwa jina la mama anayeshika ufunguo wa stoo. Hilo nililisema mimi, na ukasema utawaambia huko. Usiwaambie. Watakuuliza stoo ni nini na utapoteza siku nzima.

Upande mmoja wa mambo hayo niliujua kwa kazi yangu. Umekuja ofisini kwetu mjini mara nyingi, umekaa kwenye kile kiti kilichovunjika, umeona tunavyotayarisha hati za kutoa mizigo forodhani. Nafasi mbili kwenye hati ndizo zinazonilisha: nchi mzigo ulikopakiwa na nchi ulikotengenezwa. Watu wanadhani ni kitu kimoja. Mwezi uliopita alikuja mteja wa mifereji ya bafu, mwenye manukato ya kuumiza kichwa, akanigongea mezani.

"Madam, mifereji yangu ni ya Ujerumani. Mbona umeandika China?"

"Imepakiwa Ujerumani," nikamwambia. "Imetengenezwa China. Iko kwenye hati za kiwanda."

"Angalia kibandiko!"

Bwana Jayesh, mwenye ofisi, akainua kichwa kutoka kwenye gazeti. "Hata kibandiko kimechapishwa China, ndugu yangu. Bandika kingine kikikusumbua."

Yule bwana alitaka mfereji uwe wa Ujerumani kwa sababu ameshawaambia wateja wake matajiri wa Runda ni wa Ujerumani. Ukweli wa ule mfereji haukumhusu. Nimewadharau watu kama yeye tangu nilipoanza kazi. Mtu anachukua kitu kilichopita mikononi mwa watu wanne, anakibandika jina la wa mwisho, basi wale wengine hawakuwahi kuzaliwa.

Sasa rudi kwenye lile jibu langu la "Ametoa kwangu."

Hukumbuki yote, kwa hivyo nitaandika ninavyokumbuka mimi. Ulipoanza darasa la kwanza nilikuwa natoka mjini usiku. Shangazi yako alikuwa anakaa palepale Uthiru anapokaa sasa, karibu na shule. Tukakubaliana ulale kwake Jumatatu hadi Ijumaa. Kila Jumatatu nilikupeleka na hotipoti yetu ya maua ya kijani, ile kubwa, nimeweka chapati au mukimo wa viazi na mahindi, vya kutosha nyumba yao yote. Ijumaa nilikuchukua na hotipoti. Unajua kwetu chombo kikirudi, kuna kitu ndani, hata kama ni viazi vitatu. Mwanzoni Wambui aliweka mayai, ndizi, mboga za sukuma wiki za shamba lake la nyuma. Halafu Ijumaa moja ikarudi tupu. Imeoshwa, imekaushwa, imefunikwa vizuri, na tupu. Iliyofuata, tupu. Ya tatu, tupu.

Shajara yangu ya wiki hiyo ina mstari mmoja: "Mvua ya rasharasha. Hotipoti tena tupu." Nimeusoma leo. Nilikuwa na mtoto darasa la kwanza na hicho ndicho nilichoona kinafaa kuandikwa.

Ijumaa ya nne nilimkabili pale getini kwake, wewe umesimama katikati yetu na mkoba mgongoni.

"Wifi," nikamwambia, "hata kitunguu kimekosa?"

Hakuelewa kwanza. Nikafunua hotipoti nikamwonyesha. Nilifunua getini, Nyokabi, majirani wakiona, kama askari anayekagua buti ya gari.

Akacheka. Unajua kicheko chake, kinaanzia puani. "Mama Kabi! Kwani sisi bado ni wageni? Nilidhani hiyo ya mayai tulishaimaliza."

"Mimi nimeleta ikiwa imejaa."

"Na mimi nimekuwekea nini? Huyu mtoto amekula hapa, amelala hapa. Jumanne alikohoa usiku mzima nikamkanda kifua. Amejua kusoma saa. Sasa unataka nifanye nini, nimkunje nimweke ndani nifunike?"

Jirani mmoja akacheka. Hapo ndipo nilipoharibika. Kama jirani asingecheka, pengine ningecheka mimi. Nilikushika mkono nikaondoka na wewe na hotipoti, nikaacha nguo zako za michezo kwenye kamba. Jumatatu iliyofuata ulikuwa katika shule ya hapa Kabiria, na jioni ulikuwa na yule msichana wa kazi aliyekufundisha majina ya waigizaji wote wa runinga na hakuna kingine. Ulilia wiki mbili. Nikawaambia watu ni mafua.

Tangu siku hiyo sijala kwa Wambui. Kwenye mazishi ya nyanya yako tulikaa benchi moja, baba yako katikati kama ukuta. Wambui alikuwa akituma salamu. Nilikuwa nikizipokea kama mtu anayepokea barua ya mtu mwingine. Umekwenda kwake likizo zote kwa ruhusa ya baba yako, na mimi nilijifanya sijui unakokwenda. Ulikuwa unarudi umesukwa vizuri. Sikuuliza nani amekusuka.

Kwa hivyo Kamotho aliposema kikapu kisirudi tupu, nilipiga makofi kwa ajili ya hotipoti yangu. Nilisikia mtu ananitetea. Mtu ambaye hata hakujua mwenye kikapu ni nani.

Pale kwenye sinki ulikuwa umefika kwenye jambo la mwisho. Ulisema ukihesabu makontena peke yake, utaona Ulaya inapokea tu na hairudishi. Lakini kuna vitu Ulaya inauza ambavyo havipandi meli: bima, michoro ya mashine, ruhusa ya kutumia jina la kampuni, masomo ya watoto wa matajiri. Hakuna askari wa forodha anayefunua kifuniko akaviona.

"Ukiviweka ndani, pengo linaisha?" nikauliza.

"Haliishi. Linapungua. Lakini angalau unajua ulikuwa unaangalia nini."

Halafu ukafunga mfereji. Ukasema polepole, bila kunitazama, "Hotipoti ilirudi tupu, Mathe. Mimi je? Nilirudi tupu?"

Hapo ndipo ulipoomba Wambui aje uwanja wa ndege, na hapo ndipo nilipotoa lile neno la gari. Mtu akikosa jibu huchukua kilicho karibu akarusha. Nilichukua gari ambalo shangazi yako hana.

Siku tatu nimekwenda kazini na swali lako. Jana Bwana Jayesh aliniona nimekaa na hati moja asubuhi yote.

"Mama Kabi, hiyo mzigo ina shida gani?"

"Hauna. Nafikiria ulikotengenezwa."

"Kwani haijaandikwa?"

"Imeandikwa, lakini aliyeandika ni mimi."

Alinitazama kama mtu anayefikiria kuniongezea likizo, akarudi kwenye gazeti.

Kusoma saa ulifundishwa Uthiru. Kuhesabu kwa punje za maharagwe juu ya gunia, ulifundishwa Uthiru. Uliniambia mwenyewe ukiwa mdogo na nikabadilisha mazungumzo. Ile tabia yako ya kusubiri mpaka watu waondoke ndipo useme ukweli, hiyo haikutoka kwangu, kila mtu anayenijua atakuapia, wala kwa baba yako, ambaye hasemi kabisa. Mimi nilikubeba, nikakulipia shule, nikakupeleka mbele ya watu na kibandiko chenye jina langu usoni pako. Yule bwana wa mifereji angenitambua mara moja. Angeniuliza bei.

Usidhani nimekuwa malaika. Wambui bado anaimba sauti ya kwanza kanisani ilhali Mungu alimpa ya tatu. Bado anaweka chumvi kwenye chai, eti ndivyo wanavyokunywa kwa mume wake. Na angeweza kuweka kitunguu. Nimefikiri upande huu na ule, na bado naona angeweza kuweka kitunguu kimoja, akanyamaza, na wewe ungekulia kwenye nyumba mbili. Lakini yeye alidhani tumeshapita hapo pa kurudishiana. Alidhani mimi ni wa nyumbani. Mimi ndiye niliyetaka tulingane kila Ijumaa, kama watu wanaotaka kuagana.

Huko unakokwenda watakuwekea nchi mbili mbele yako, wakuulize nani anamla nani. Watakuwa na haraka, kwa sababu kuna akina Kamotho huko pia, na wao wana gorofa kubwa zaidi na runinga zinazowasikiliza. Watapenda namba iliyo kubwa na fupi. Sijui utafanya nini na watu hao. Mimi ningewatukana na kufukuzwa kazi ndani ya mwezi. Wewe una ile subira ya Uthiru. Itumie. Ikikuishia, nipigie, nitawatukana kwa simu bila malipo.

Baba yako amerudi. Magurudumu yamejaa, na ameosha gari hata ndani. Nimemwambia kwamba kesho, kabla ya kushika njia ya uwanja wa ndege, tutapitia Uthiru. Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Ndiyo maana nimetoa lile gunia la viazi kiti cha nyuma." Alilitoa asubuhi, Nyokabi. Kabla mimi mwenyewe sijajua. Nimeishi na mtu huyu muda wote huu nikidhani hasemi kwa sababu hana la kusema.

Sijampigia Wambui simu. Nikimpigia tutagombana kabla hatujafika. Tutasimama getini tu, pale pale. Anaweza kukataa kuja. Anaweza kucheka kile kicheko cha puani. Akicheka, utaona nimekaza uso, usiogope. Najizuia kucheka kabla ya wakati. Majirani wakitoka, watoke. Wanaidai ile tamthilia sehemu yake ya pili.

Nimeishusha hotipoti ya maua ya kijani kutoka juu ya kabati, ilipokaa tangu Ijumaa ile. Nimeiosha. Kwanza nilikuwa nimewasha jiko. Nilitaka kupika mukimo, niijaze mpaka kifuniko kikatae kufunga, nimpelekee, asiwe na la kusema. Nikazima. Ningekuwa nimerudi kulekule, namtumia mzigo ili anidai. Nitaibeba mwenyewe kwa mikono miwili kama mtu anayekwenda kuomba chakula, kwa sababu ndicho ninachokwenda kufanya. Tukishakuona ukiingia, tutarudi Uthiru sote watatu kama atakubali, na nitakula kwake chochote atakachonipa, hata ile chai.

Barua hii nimeiweka ndani ya hotipoti, na hotipoti nimeiweka juu ya sanduku lako, ili usifunge sanduku kabla ya kuifunua. Ukimaliza kusoma, itoe barua uiweke mkobani mwako. Usiache kitu ndani, hata peremende. Nataka imfikie Wambui tupu.

Mama yako wa Kabiria